Kutoka kaseti mpaka telefone: namna waandishi habari wa Kongo walivyojifunza kazi yao

Mwanafunzi anayesomea uandishi habari leo Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi anabeba studio nzima mfukoni. Kwa telefone moja anarekodi sauti, anakata yasiyofaa, anapiga picha na kutuma habari Kinshasa mbele ya chai kupoa. Wakubwa wake walihitaji gari, mkanda, fundi na siku mbili za njia. Hapo ndipo wengi wanasema kazi imekuwa rahisi.

Historia ya Kongo inaonyesha jambo jingine. Kila mara chombo kipya cha habari kimeingia hapa, kimefika mikononi mwa watu kabla ya shule ya kukitumia. Kila mara raia ndio walilipa kwanza: kwa uvumi, kwa hofu, kwa safari za usiku bila kujua waende wapi. Kwa familia zilizokimbia makwao hili si somo la darasani. Habari ya kweli ao ya uongo inaamua kama mama atarudi kijijini kesho na watoto, ao atabaki.

Redio ya wakubwa

Mwaka 1937, mapadri Wajesuiti wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walianzisha Radio Léo kwenye chuo chao cha Albert. Mwaka 1940, kisha Wajerumani kuvamia Ubelgiji, serikali ya kikoloni ilifungua Radio Congo Belge. Wasikilizaji waliofikiriwa kwanza walikuwa Wazungu. Vipindi vya Waafrika, pamoja na lugha zetu kubwa, vilipata nafasi yao baadaye, vita ya dunia ilipokwisha.

Shule ya uandishi habari haikuwapo kwa Mkongomani. Kazi ilijifunzwa kwa kuandika. Gazeti la La Voix du Congolais, lililoanza 1945 chini ya Antoine-Roger Bolamba, lilikuwa darasa la wengi, hata kama wakoloni walilisimamia. Patrice Lumumba, karani wa posta kule Stanleyville, alizoea kuandika makala kabla ya kuzoea kuhutubia watu. Joseph-Désiré Mobutu alitoka jeshini mwaka 1956, akafanya kazi katika magazeti ya Léopoldville. Viongozi wawili ambao majina yao yataandamana katika historia ya nchi walipitia mlango uleule wa kalamu.

Nguvu ya redio ilionekana wazi jioni ya tarehe 5 mwezi wa tisa 1960. Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Lumumba kwenye uwaziri mkuu. Lumumba akakimbilia redio ileile usiku huohuo, akasema Kasavubu ndiye hana tena mamlaka. Siku iliyofuata Umoja wa Mataifa ulifunga kituo hicho. Lakini Kasavubu aliweza kusema kupitia redio ya Brazzaville, ngambo ya mto, na Lumumba hakuwa na njia hiyo. Tangu siku ile kila mwenye bunduki ao mamlaka anajua: kabla ya kushika ofisi, shika mikro. Na kila mwandishi aliyefuata amefanya kazi akijua kwamba chumba chake ni cha kwanza kutafutwa.

Shule ya kwanza na sauti moja

Mwaka 1973 Zaïre ilipata chuo chake cha kufundisha kazi hii Kinshasa, ISTI. Chuo hicho kilikuja kuitwa IFASIC, na leo ni chuo kikuu cha UNISIC. Humo walitoka vizazi vya waandishi wanaojua kupanga habari, kutafuta chanzo na kusoma kwa sauti safi. Vyombo vilikuwa vizito. Nagra, mashine ya kurekodi ya kubeba begani, ilitumia mkanda, na kukata sauti kulimaanisha kukata mkanda wenyewe kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Aliyekata vibaya alipoteza sauti ya mtu milele. Wazee wa kazi wanasema wembe ule ulifundisha uvumilivu: mtu alisikiliza mara tatu kabla ya kukata mara moja.

Ufundi ulikuwapo, uhuru haukuwapo. Redio na televisheni vilikuwa vya serikali ya chama kimoja, na habari za jioni zilianza na uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Mwanafunzi alifundishwa kuuliza maswali matano ya kazi, kisha akaingia ofisini na kukuta majibu yamekwisha kuandikwa. Kwa hiyo watu waliunda redio yao wenyewe, radio trottoir, habari za barabarani zinazotoka mdomo mpaka mdomo. Wakati mwingine zilikuwa za kweli kuliko televisheni. Wakati mwingine ziliwasha moto bure. Hakuna aliyezijibia.

Tarehe 24 mwezi wa nne 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Magazeti yakatokea mengi Kinshasa. Sheria ya uhuru wa habari ilifika tarehe 22 mwezi wa sita 1996. Miezi michache kisha, vita ikaingia Kivu.

Shule ya Kivu: vita

Huku mashariki chuo cha Kinshasa kilikuwa mbali kama Ulaya. Watu walijifunzia mbele ya mikro. Radio Maendeleo ilianza Bukavu mwaka 1993, redio ya mashirika ya raia, ikizungumza mashamba, afya, bei ya soko na haki za watu kwa lugha wanazozielewa. Vijana waliingia kama wanaojitolea, wakabeba kaseti, wakajifunza kwa kusahihishwa na mkubwa wao kila jioni.

Mwaka uleule, ngambo ya ziwa, redio ya RTLM ilianza Kigali. Iliongea vizuri, ilicheza muziki, vijana waliipenda. Katika mauaji ya kimbari ya 1994 ilitumika kuita watu wauawe. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu watu wawili walioiongoza, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Kwa mwanafunzi wa leo, kesi ile inabaki somo la msingi: mtu anaweza kujua ufundi wote wa redio na akautumia kuua.

Jibu moja lilianzia Bukavu. Mwezi wa nane 1994 waandishi wa Uswisi walianzisha Radio Agatashya, jina ambalo kwa Kinyarwanda ni ndege mbayuwayu. Ilitoa habari kwa wakimbizi waliojaa Kivu na kwa watu waliobaki Rwanda na Burundi: wapi maji yanapatikana, nani anatafuta mtoto wake, nini kimesemwa na nani. Vita ya 1996 iliifunga. Waanzilishi wake ndio waliojenga shirika la Fondation Hirondelle, ambalo lilirudi Kongo miaka sita baadaye.

Katikati, redio za hapa zilibeba mzigo peke yao. Radio Maendeleo ilifungwa na waasi wa RCD mwaka 1999, ikafunguka, ikasimamishwa tena mwisho wa 2002. Chouchou Namegabe, aliyejifunza kazi kwenye redio hiyo, alianzisha AFEM mwaka 2003 pamoja na wanawake wenzake wa habari Kivu Kusini. Walipeleka mikro kwa wanawake waliobakwa vitani, walioishi na siri yao kwa woga na haya. Walijifunza jambo ambalo vitabu vingi havikufundisha: namna ya kumrekodi mtu bila kumwonyesha kwa adui, bila kumvunja moyo mara ya pili. Hiyo nayo ni tekniki.

Volkano na Okapi

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ililipuka. Moto ukapita katikati ya Goma mpaka ziwani, mamia ya maelfu wakavuka kwenda Gisenyi. Watu waliuliza maneno matatu tu: moto umefika wapi, njia gani imefungwa, tutarudi lini. Kila mtu alikuwa na jibu lake.

Wiki chache kisha, tarehe 25 mwezi wa pili, Radio Okapi ikaanza, kazi ya MONUC na Fondation Hirondelle, siku ileile mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, kila kipande na mwenye bunduki wake. Redio moja ikasikika pande zote, kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kitshiluba na Kikongo. Kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi, mtu wa Goma alisikia kwa sauti moja kilichotokea Kinshasa na Kisangani.

Okapi ilikuwa pia shule. Kila habari ilitaka chanzo zaidi ya kimoja, na kila anayeshtakiwa alipaswa kuitwa ajibu. Kompyuta zilichukua nafasi ya wembe: sauti ikawa mistari kwenye kioo, na aliyekata vibaya aliweza kurudisha. Waandishi wengi wa maredio madogo walijifunza kwa kuisikiliza tu, wakiandika namna habari ilivyopangwa.

Bei ya shule hiyo Bukavu inaijua. Serge Maheshe, mwandishi wa Okapi, aliuawa kwa risasi mwezi wa sita 2007. Didace Namujimbo, mwenzake, aliuawa mwezi wa 11 mwaka 2008. Katika redio hiyohiyo ya Bukavu Caddy Adzuba aliendelea kusema juu ya wanawake wa vita, na mwaka 2014 Hispania ikampa tuzo kubwa ya Prince of Asturias.

Telefone inakuwa redio

Kisha ikaja telefone yenye intaneti. Radio trottoir ilihama kutoka barabarani ikaingia ndani ya WhatsApp. Tofauti ni mbio zake. Zamani uvumi ulitembea kwa miguu kutoka Sake mpaka Goma, leo unafika kabla ya pikipiki kuwashwa. Na mtu anayeutuma hana uso.

Serikali nayo ilielewa nguvu hiyo. Intaneti ilikatwa mwezi wa kwanza 2015 wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Ilikatwa tena mwisho wa 2017. Kisha uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, ilikatwa karibu siku 20, na RFI ikazimwa.

Kwa Beni na Butembo siku zile zilikuwa mbaya mara mbili. Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu ya Kaskazini tangu tarehe 1 mwezi wa nane. Uchaguzi uliahirishwa katika miji hiyo miwili kwa sababu ya ugonjwa na usalama, na watu wengi wakaamini Ebola ni siasa. Katikati ya mashaka hayo, intaneti ikazimika. Redio za mitaa ndizo zilizobaki kueleza kwa Kiswahili na Kinande kwa nini maiti haioshwi na nini chanjo inafanya. Mwezi wa 11 mwaka 2019, Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, Ituri, aliyekuwa akihamasisha watu juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliupata, 2,287 walikufa.

Mwaka mmoja kisha, jioni ya Posho tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ikalipuka tena. Mara hii kila mtu alikuwa na telefone. Picha za anga jekundu zilizunguka dunia kwa dakika chache. Lakini chumba cha kupima volkano, OVG, kilikuwa kimepitisha miezi bila pesa na bila intaneti ya kupokea vipimo vyake, na kilipata uunganisho tena wiki chache tu mbele ya moto. Picha zilikuwa nyingi, maelezo yalikuwa machache. Tarehe 27 gavana aliamuru mitaa 10 ya Goma ihame, na mamia ya maelfu wakaelekea Sake, Rwanda ao Bukavu kwa mashua. Maswali yalikuwa yaleyale matatu ya 2002. Telefone haikuyajibu. Yalijibiwa, pale yalipojibiwa, na mwandishi aliyejua nani wa kupigia, aliyeelewa neno la mtaalamu na akaweza kulisema kwa Kiswahili cha sokoni.

Sheria mpya, hatari mpya

Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 nchi ilipata sheria mpya ya uhuru wa habari mahali pa ile ya 1996, na siku hiyohiyo sheria ya mambo ya dijitali. Sheria hizi zinatambua habari za mtandaoni, ambazo mwaka 1996 hakuna aliyezifikiria. Zinamweka pia hatarini: kusambaza habari ya uongo kwa njia ya elektroniki kunaweza kumpeleka mtu gerezani.

Miezi sita kisha, tarehe 8 mwezi wa tisa 2023, mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa. Alikaa ndani mpaka tarehe 19 mwezi wa tatu 2024. Kesi ilizunguka swali la kiufundi: hati iliyopita kwenye Telegram na WhatsApp, je, inawezekana kujua nani aliituma wa kwanza? Aliyesomea uandishi habari bila kuelewa namna ujumbe unavyosafiri hawezi kujitetea katika kesi ya namna hiyo, wala hawezi kumlinda aliyemwamini.

Wanafunzi wanajiandaa na nini

Mwaka 2025 ulifupisha masomo yote kuwa moja. Goma ilichukuliwa na M23 mwisho wa mwezi wa kwanza, Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Kambi zilizozunguka Goma, ambazo zilikuwa na watu mamia ya maelfu, zilivunjwa. Familia zilibeba maturubai bila kujua kama njia ya kijiji iko salama. Mwezi wa tatu Sauti ya Amerika, iliyosikilizwa sana kwa Kiswahili, ilinyamaza kwa uamuzi wa Washington. Waliozoea kugeuza kisahani cha redio kila jioni wakakuta kelele tu.

Ndani ya pengo hilo ndimo wanafunzi wa sasa wanaingia. Programu za kukata sauti wanazijua upesi. Yaliyo magumu ni mengine. Wanapaswa kujua kupima picha: je, milima hii ni ya Masisi kweli, maandishi kwenye kibao ni ya lugha gani, kivuli kinaonyesha saa gani, picha hii ilionekana wapi kabla? Wanapaswa kujua kwamba akili bandia inaweza kuiga sauti ya gavana ao ya kamanda, na kwamba sauti inayofanana haitoshi bila mtu aliyekuwapo. Wanapaswa kutunza rekodi ya kwanza bila kuikata, kufuta jina la shahidi kwenye telefone kabla ya kizuizi cha barabarani, na kujua siku ya kunyamaza kwa sababu neno moja litaua mtu.

Kuna pia njaa. Mwandishi mwingi wa mashariki anaishi kwa coupage, pesa kidogo anayopewa na aliyemwita kwenye mkutano. Mwanafunzi anaikuta siku ya kwanza ya staji. Anayelipwa na mwenye habari ni vigumu kumuuliza swali. Hakuna programu inayotibu hilo. Redio zinazoishi kwa michango ya wasikilizaji, matangazo ya msiba, ya ndoa na ya duka la jirani zinajibu kidogo tatizo hili, na ndizo wanafunzi wanaopaswa kuzisoma kwa makini.

Telefone nayo haijaua redio. Kambini mega ni ghali na kuchaji kunalipwa, lakini redio ndogo ya mabetri inasikilizwa na nyumba nzima na majirani. Kwa hiyo anayejiandaa vizuri anajifunza vyote viwili: kutuma sauti fupi isiyokula mega nyingi, na kuandika habari ambayo bibi asiyesoma ataielewa mara moja, kwa sababu redioni hakuna kurudi nyuma kusoma tena. Anajifunza kusema «kijiji hiki» mahali pa «eneo lile», «jana asubuhi» mahali pa «hivi karibuni», na kutaja aliyesema.

Kwa msikilizaji, hasa aliyekimbia, historia hii inaacha kipimo chepesi. Habari ikifika kwenye telefone ikisema njia imefunguka ao watu warudi, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kufunga mizigo. Nani amesema, na jina lake ni nani? Alikuwa pale lini? Redio gani nyingine imesema vilevile? Na kama ni uongo, nani atakuja kujibia? Mwandishi aliyefundishwa vizuri hujibu maswali hayo ndani ya habari yenyewe, kabla hajaulizwa. Asiyeyajibu, hata kama sauti yake ni nzuri na picha yake inang'aa, bado ni radio trottoir.

Nyiragongo bado iko juu ya Goma. Vijana walio darasani sasa ndio watakaokuwa mbele ya mikro siku itakapoamka tena.